Mlango wa Thelathini na Tatu

9 Januari

Mwanangu,

Salamu zako wewe, mkeo na wajukuu zangu. Mimi nipo, ukiyatoa masikio. Baba yako mdogo yuko vile vile tangu kiharusi kimpige: upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda kombo, na kula ni kwa kulishwa kijiko. Asubuhi nimemwosha, nimembadilisha shuka, sasa ameegemea mito anakodolea dari. Redio uliyomtumia imefika salama. Nimeiweka juu ya kabati dogo, pale pale kichwani kwake, na inaimba tangu kunapokucha. Angalau kuna wa kumchangamsha, maana akinisemesha mimi ni sawa na kuusemesha ukuta.

Na hapo ndipo penye neno langu. Ile kompyuta imekufa.

Unaijua. Yule mpima masikio niliyekuwa karani wake, alipofunga kliniki aliniachia kompyuta yake kuukuu, CD ya programu, na kile kisanduku chenye waya kinachoongea na vifaa vya masikio, hivi ninavyovaa ili nisikie. "Utavihitaji," akaniambia, na kweli. Kila masikio yangu yaliposhuka nilivichomeka vifaa kwenye kisanduku, nikavipandisha sauti mwenyewe kama nilivyomwona akifanya, maisha yakaendelea. Sasa yameshuka tena, na juzi kompyuta imetoa moshi ikazimika. Nikafungua ubavu wake. Ptuu! Mende! Wakamwagika mezani kama watu wanaotoka uwanjani. Wamekula humo, wamezaa humo, wamekunya humo. Nimetapika kwenye ndoo ya kufulia, na ndoo yenyewe ilikuwa na nguo.

Nikajikaza nikaenda kwenye duka jipya la vifaa vya masikio. Nikakutana na bwana mmoja wa tai na manukato. Akavipokea vifaa vyangu kwa karatasi ya chooni, vidole viwili, uso kaukunja kama nimempa panya aliyeoza. Akaniandikia kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa: VIMEPITWA NA WAKATI. TUPA. Kisha akanionyesha vipya, na bei yake ni tusi, sitaiandika. Vyangu ni vizima! Vinachotaka ni kupandishwa tu! Nilitamani kumfutia manukato yake kwa hicho kikaratasi chake.

Sasa nikwambie kinachoniuma, usije ukadhani nalilia mashine. Baba yako mdogo anasema jambo. Kila siku midomo inamcheza, neno lile lile, naliona lina umbo moja, ila mdomo umepinda na siwezi kuusoma. Anarudia, anarudia, mpaka machozi yanamtoka. Unamjua Dereva wako, si mtu wa maneno. Amenioa kwa sentensi mbili. Leo ana neno la kuniambia, na mimi sina masikio. Kuandika hawezi, mkono ndio huo umekufa. Nataka nilisikie kabla hajaondoka. Sina haja nyingine.

Usiniambie nipige simu. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo. Na kuandika kwa kidole juu ya kioo chenye mafuta ya mashavu ya watu, sitaki.

Fanya utakalofanya. Na utakuja lini?

Mama yako mdogo


27 Januari

Shikamoo Mama Mdogo,

Huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu. Mtoto wetu mdogo kang'oka jino la mbele na analiweka mfukoni, anamwonyesha kila anayepita. Nimefurahi redio imefika. Usiogope kumwongezea sauti, mtu wa kulala kitandani anahitaji uchangamfu.

Nimekaa jioni mbili kuwatafuta waliotengeneza programu yako. Nimetoka huko nikitaka kunawa. Kampuni ilimezwa na kampuni nyingine, nayo iliyomeza ikamezwa, na kila mmezaji aliwatema wateja wa mwenzake. Kwenye tovuti yao kuna bibi anayecheka huku kashika sikio, na chini yake wameandika kuwa bidhaa yako "haihudumiwi tena." Nikaandika kuuliza kama kuna toleo jipya la programu kwa vifaa vya zamani. Nikajibiwa na mashine kuwa maoni yangu ni muhimu sana kwao. Wanafiki! Vifaa vizima viko kwenye masikio ya watu, wao wametupa funguo.

Basi tutaingia kwa njia nyingine. Windows za siku hizi haziipokei programu ya zamani kiasi hicho, kwa hiyo tusipoteze muda huko. Ninakutumia kompyuta yangu ya mkononi niliyoiacha kuitumia. Ndani yake hamna Windows, nimeweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Haudai chochote na haukusumbui. Ndani ya Linux nimeweka Wine, na Wine ndiyo itakayoiendesha programu yako. Ikiwaka utaona picha ya CD; bonyeza hapo mara mbili. Nimejaribu nyumbani na programu nyingine za zamani, zinakwenda mteremko. Yako sikuweza kuijaribu kwa kuwa kisanduku na waya viko kwako.

Kazi huku zimebana. Msalimie sana Baba Mdogo.

Mwanao, Fundi


15 Februari

Mwanangu,

Tumepokea. Sisi tupo. Baba yako mdogo kapata kidonda cha mgongoni, nakisafisha kutwa mara mbili, na harufu yake naibeba mpaka jikoni. Sikusimulii.

Nianze na hiyo wine yako. Nimemwuliza mwalimu mstaafu anayekaa ghorofa ya juu, akaniandikia: "mvinyo." Ebo! Mimi, niliyekulea bila tone la kitu hicho kuingia mlangoni mwangu, unaniletea kompyuta iliyoleweshwa? Nikainusa. Mvinyo haukunuka, ila nilichokinusa ni kibaya zaidi. Mwanangu, ulikuwa unakula juu ya kitu hiki? Nimepitisha kijiti cha pamba katikati ya herufi nikatoa makombo ya biskuti, nywele, na kipande cha ukucha. Ukucha! Sijui wa mkono au wa mguu, na usinijibu. Nimeifuta kwa spiriti hadi herufi ya E imeanza kufutika.

Nikaiwasha. Kwenye kioo kuna picha ya ndege mfupi mweusi mwenye kitambi cheupe. Nikabonyeza kama ulivyosema, programu ikafunguka, ile ile ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Moyo ukaniruka. Nikachomeka kisanduku, nikachomeka vifaa. Ikaniambia: hakuna kisanduku. Nikachomoa, nikachomeka. Hakuna kisanduku. Nikakitikisa mbele ya kioo chake, hiki hapa, huoni? Hakuna kisanduku.

Nikampelekea fundi wa simu wa pale kona. Anatafuna, anafungua kompyuta ya watu kwa vidole vyenye mafuta. Akaniandikia kuwa takataka hii aifute yote aniwekee Windows ya bure. Nikamwuliza ya bure ameitoa wapi. Akanionyesha kwenye mashine yake, na picha za wanawake uchi zikaanza kuruka pembeni kama nzi. Nimeinyakua kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga.

Na jirani wa ukuta mmoja naye, shetani. Kila nikipita ananionyesha masikio yake kwa vidole viwili na kutikisa kichwa. Ananicheka uziwi, mtu mzima na mvi zake! Sasa namsonya, ingawa msonyo wenyewe siusikii.

Baba yako mdogo bado na neno lake. Jana ameuinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha kuelekea redio huku machozi yanamshuka. Nikajua wimbo umemgusa. Nikamwongezea sauti mpaka mwisho.

Niliuliza utakuja lini. Nimeipindua barua yako mbele na nyuma, sikuona.

Mama yako mdogo


6 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Pole kwa kidonda, pole na harufu. Ukucha si wangu. Huenda ni wa aliyeniuzia.

Wine ni jina tu, naapa. Walioiunda walilifupisha kutoka maneno yanayosema kuwa yenyewe si kiigizi, yaani haijifanyi kompyuta nyingine. Kazi yake ni ya mkalimani. Programu yako inajua kuongea na Windows peke yake. Ikitaka dirisha lichorwe, inaomba kwa Kiwindows. Wine inaipokea, inageuka kuiambia Linux kwa Kilinux, jibu likija inaligeuza tena. Programu haijui kama imehamishwa. Inajiona ipo kwao.

Sasa kisanduku. Nimelifikiria jambo hili nikiwa kazini, bosi anaongea na mimi naitikia tu. Programu za enzi hizo zilitafuta waya kwenye milango yenye namba, na yako inajua kuhesabu hadi nne, ikifika hapo inakata tamaa. Wine nayo imeipanga milango kwa fujo zake: ule wa kwanza imeupa tundu la kizamani ambalo kwenye kompyuta hiyo halipo kabisa, na waya wako wa USB imeupeleka mlango wa thelathini na tatu. Ndiyo, thelathini na tatu. Kisanduku kinagonga huko mwisho wa korido, programu imesimama huku mwanzoni inasema hakuna mtu. Hata mimi niliposoma nilitukana.

Dawa yake ni mstari mmoja. Nimeuandika kwenye kikaratasi nilichokibana hapa. Fungua kile kiboksi cheusi kwenye kona, unakili mstari kama ulivyo, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, kisha bonyeza ufunguo mkubwa wa kulia. Hapo waya utahamia mlango wa kwanza. Zima, washa, jaribu.

Jambo jingine nisije nikasahau. Kioo cha kompyuta hiyo ni kifupi, na madirisha ya programu ya zamani ni marefu. Kitufe cha kuhifadhi kinaweza kuangukia chini usikione. Shika ufunguo wa Alt, ulivute dirisha juu kwa kipanya. Na ikianza kuandika kwenye kifaa, usiguse waya hata mende akikupanda mguuni. Ukikatiza katikati kifaa kinakufa, na hicho hakifufuki.

Huku mvua tupu. Kazi bado zimebana kidogo.

Mwanao, Fundi


24 Machi

Mwanangu,

Kikaratasi chako nimekinakili. Mara nane, mara kumi, sijui. Hakuna kisanduku.

Sina nguvu ya kupamba barua leo. Kifua cha baba yako mdogo kimeingia makohozi. Namgeuza ubavu, namgonga mgongo kwa kiganja, yanatoka ya kijani, nayafuta kwa kitambaa, nakichemsha kitambaa. Muuguzi alikuja, hana hata salamu, kitu cha kwanza akaizima redio bila kuniomba. Akampima, akaniandikia: "Kifua hiki sikipendi. Waite watu wake." Alipotoka nikaiwasha tena redio. Kwenye nyumba ya watu unaingia unazima vitu!

Hao watu wake ni nani? Ni mimi na wewe. Mimi nipo.

Nimechefuka, mwanangu. Nimechefuka na hiki kisanduku, na huyu ndege mwenye kitambi, na mkalimani wako anayejitambulisha kwa kusema yeye si nani. Mtu akinianza hivyo mlangoni, mkoba wangu naushika kwa mikono miwili. Milango thelathini na tatu! Nani anajenga nyumba hiyo? Na wewe nakuuliza swali la mtu, unanijibu la mashine. Kazi zimebana, kazi zimebana kidogo. Zikibanuka utakuta nini?

Anasema neno lake sasa hivi, ninapoandika. Namwona. Kope zimelowa. Nimeweka sikio mdomoni kwake nikapata joto la pumzi tu.

Mama yako mdogo


9 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Barua yako nimeisomea bafuni ili watoto wasinione.

Nimejipa maelezo mengi. Labda waya una kasoro. Labda Linux haijakupa ruhusa ya kuushika, ingawa ruhusa niliiweka mwenyewe kabla ya kuituma. Labda kisanduku kilipikwa pamoja na ile kompyuta ya mende. Nimeandika kurasa tatu za labda nikazichana, maana nilipozisoma nilijisikia kinyaa. Nilikuwa nafanya kile kile ulichokisema.

Basi nikujibu la mtu. Kazi hazijabana. Likizo ninayo tangu Desemba. Ninaogopa, Mama Mdogo. Yule ni mtu aliyekuwa akininyanyua kwa mkono mmoja kuniweka kwenye kiti cha lori, huku mkono wa pili unakata kona. Ndiye aliyenifundisha kuandika, pale pale kwenye lori, kwa penseli ya kuandikia mizigo, juu ya pakiti za sigara. Wewe unaniandikia kijiko, shuka, kidonda, kitambaa cha makohozi, nami nageuza ukurasa haraka nitafute habari za kisanduku. Kisanduku nakiweza. Nikituma redio najiona nimekuja. Nikituma kompyuta najiona nimekuja mara mbili. Kumwona kitandani siwezi, na kujua kuwa siwezi kunanichukiza kuliko mende wako wote.

Nilitaka angalau nikupe masikio. Hata hilo limenishinda.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako. Kidonda kimeanza kukauka. Kifua bado hakijanifurahisha.

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye pakiti za sigara nikakaa chini. Nikachukua kikaratasi chako cha ule mstari. Halafu nikaenda kwenye droo nikatoa pakiti moja ya zamani, zimo bado, baba yako mdogo hatupi kitu. Nikaviweka pamoja mezani.

Moja zenu, mwanangu! Wewe na yeye! Mnaandika moja kama kijiti kitupu, haina pua, haina mguu. Nimeolewa na kijiti hicho, nimekisoma kwenye pakiti na risiti za mafuta ya lori, na bado kwenye kikaratasi chako nilikisoma kuwa ile herufi ya L ndogo. Pale mwisho, ulipoandika namba ya mlango. Kwa hiyo mimi siku zote hizo nilikuwa nauhamishia waya kwenye mlango unaoitwa L, mlango ambao haupo duniani, na mashine lako zuri linanyamaza tu kama limenielewa. Lisiseme hata "mama, huo mlango ni upi?" Nililitukana tusi ambalo sitaliandika, halafu nikakutukana wewe, halafu Dereva, mwandiko wa kuku wote wawili.

Nikaandika moja yenye pua na mguu. Nikazima, nikawasha.

Ikasema: kisanduku kimeonekana.

Nisikuchoshe. Vifaa vikasoma, mistari ya kipimo cha masikio yangu ikaja kwenye kioo, imeshuka kweli kweli, inatia huruma. Nikapandisha sauti kama alivyokuwa akipandisha bosi wangu, kidogo huku, kidogo kule. Kitufe cha kuhifadhi hakipo, kimeangukia chini kama ulivyosema. Alt, nikavuta, kikaibuka. Ilipoanza kuandika nilikaa nimeweka mikono chini ya mapaja nisije nikagusa kitu. Na nikwambie ukweli, ilikwenda laini kuliko ilivyokuwa ikienda kwenye ile ya mende. Ndege wako nimemsamehe. Mvinyo bado.

Nikavifuta vifaa nta, nikavivaa.

Mwanangu, nilidhani nimeviua. Makelele! Nyumba nzima inapiga mayowe! Nikavitoa, nikavivaa tena: mayowe. Mtu anafoka kwamba kuna dawa mpya ya mende, inaua mende na mayai yake, na nyuma yake tarumbeta. Nikasimama pale nimeshika meza. Halafu nikaelewa yanatokea wapi, nikaenda chumbani.

Alikuwa anasema neno lake. Nikapiga magoti, nikaweka sikio karibu na mdomo. Sauti yake sasa ni uzi, lakini nimeisikia.

"Zima redio."

Miezi yote hiyo! Mimi najua ananiaga. Najua ananiambia alichokificha tangu ujana. Kumbe mtu analia azimiwe redio, na mimi namwongezea! Ule mkono alionyoosha, yale machozi, zima redio, zima redio, na mimi nampapasa kichwa nasema wimbo umemgusa. Nikaichomoa redio yako ukutani na waya wake.

Basi pakatulia. Nikasikia bomba la jikoni linadondoka. Nikasikia kifua chake, kinakwaruza kama kiti kinachoburutwa. Na upande wa pili wa ukuta, mwanangu, nikasikia mtu anapiga makofi. Jirani! Peke yake, taratibu, makofi ya mtu aliyetoka jela. Nimemsonya bure miezi yote, na sina uso wa kumwangalia.

Baba yako mdogo akafumba macho. Mdomo ukavutika kwa ule upande mzima, akacheka. Nami nikacheka, nikalia, nikampangusa, nikajipangusa kwa kitambaa kile kile, na usinikunjie uso.

Halafu akasema jambo la pili. Hilo si langu, ni lako. Ametaja jina lako, lile alilokuwa akikuitia kwenye lori, na baada yake maneno machache. Nilimwambia arudie nihakikishe, akarudia.

Sitaliandika. Kalamu ninayo na wino ninao, lakini wewe ukisoma jambo kwenye karatasi unageuza ukurasa. Kidonda nimekifunga, shuka ni safi, na harufu utaizoea kama nilivyoizoea mimi. Sauti yenyewe inazidi kwenda chini. Uliogopa kumwona, basi ingia umefumba macho, njoo usikie tu.

Mama yako mdogo


2 Mei

Shikamoo Mama Mdogo,

Hii nampa dereva wa basi la leo. Mimi nimekata tiketi ya la kesho.

Mwambie nakuja mikono mitupu, sina mzigo wowote. Akitaka kuniambia kabla sijafika, mzuie, mwambie asubiri.

Redio usiirudishe kwenye umeme.

Mwanao